Jinsi ya kuchimba historia na jiografia ya taunshipu ya kijijini Marekani (mfano: Nicodemus, Kansas)

Wakuu, wengi tukitaka kujua habari za sehemu ya mashambani huku Marekani tunagugo jina la kijiji, tunapata aya tatu za juu juu, basi tunaridhika. Hiyo njia ni fupi lakini haikufikishi mbali, sababu huko mashambani majina yanahama, posta inafungwa, reli ikipita upande wa pili wa mto mji mzima unaifuata, ila namba ya ardhi haihami. Kanuni yangu ni hiyo tu, anza na namba ya ardhi, stori zitakuja zenyewe. Nitaeleza kwa kutumia taunshipu ya Nicodemus, kaunti ya Graham, kaskazini-magharibi mwa Kansas, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1877 na yakajazwa na Wamarekani weusi waliotoka kwenye utumwa wa Kentucky, kwa sababu pale karibu kila aina ya karatasi ninayoitaja ipo na nyingi unazipata bure mtandaoni. Ukishaelewa hapo nenda kafanye hivyohivyo kwa taunshipu yoyote ya Kansas, Nebraska, Iowa, Minnesota na kote kulikopimwa kwa mtindo huo wa miraba yenye namba. Texas na yale majimbo ya zamani ya mashariki, pamoja na Kentucky yenyewe, yana mtindo mwingine, huko usiende na maelekezo haya utapotea.

Taunshipu ziko mbili, usizichanganye

Ya kwanza ni ya wapima ardhi. Sheria ya mwaka 1785 ilisema ardhi ya serikali ikatwe miraba ya maili 6 kwa maili 6, yaani kama kilomita 9.7 kila upande, alafu kila mraba ugawanywe seksheni 36, na kila seksheni ni maili moja kwa maili moja, ekari 640. Hiyo ni mistari kwenye ramani na alama ardhini, haina mwenyekiti wala bajeti. Ya pili ni ya kiserikali, kipande cha kaunti chenye viongozi wake, na kwa Kansas viongozi ni watatu, mdhamini, karani na mhazini, watu wa kushughulika na vitu kama barabara za vumbi na makaburi. Taunshipu ya kiserikali inaweza kulingana na mraba wa wapimaji na inaweza isilingane hata kidogo. Angalia Graham yenyewe, kaunti ni karibu maili 30 kwa maili 30, kwa hiyo miraba ya wapimaji ni 25, lakini taunshipu za kiserikali ni 13 tu, na Nicodemus ni moja kati ya hizo.

Sasa ukisoma sensa, wakitaja taunshipu ya Nicodemus wanamaanisha ile ya kiserikali, ambayo mipaka yake inaweza kukatwa upya, na ukisoma hati ya shamba wanamaanisha mraba, na juu ya hapo kuna kijiji cha Nicodemus ambacho ni kitu cha tatu. Watu wengi wanaolalamika kwamba idadi ya watu haiendani shida yao iko hapa, wanachukua idadi ya taunshipu nzima wanaibandika kwenye kijiji alafu wanaandika kwamba mji uliporomoka ndani ya miaka kumi, kumbe walikuwa wanalinganisha vitu viwili tofauti.

Isome namba mpaka uielewe

Kijiji cha Nicodemus kipo seksheni ya 1, T8S R21W, Meridiani Kuu ya 6. Ukiiona mara ya kwanza ni kama paswodi ya wifi ya hoteli, lakini ni hesabu ya darasa la nne. Kansas imepimwa kutoka kwenye mistari miwili. Mmoja ni latitudo ya nyuzi 40 ambayo ndiyo mpaka wa Kansas na Nebraska. Wa pili ni Meridiani Kuu ya 6, mstari unaoshuka kutoka kaskazini kwenda kusini, na nyie mlioko Wichita mnaukanyaga kila siku, ile barabara ya Meridian Avenue imelala juu yake. T8S maana yake mraba wa nane kwenda kusini, kwa hiyo juu yake imepita miraba saba, saba mara sita ni maili 42. R21W ni mraba wa ishirini na moja kwenda magharibi, imepita ishirini, ni maili 120. Kwa hiyo bila hata kufungua ramani unajua kijiji kipo kama maili 42 kusini mwa mpaka wa Nebraska na kama maili 120 magharibi mwa meridiani. Fungua simu upime, itakubali, tofauti ndogo itakuwepo sababu dunia ni duara na wale jamaa walikuwa wanapima kwa kuburuta mnyororo wa futi 66 kwenye nyasi, minyororo 80 ndiyo maili moja.

Seksheni nazo zina mpangilio wake. Namba 1 ipo kona ya kaskazini-mashariki, zinahesabiwa kwenda magharibi mpaka 6, kisha 7 inakaa chini ya 6, zinarudi mashariki mpaka 12, zinashuka tena, zinaenda na kurudi hivyo kama ng'ombe wa plau mpaka 36 kona ya kusini-mashariki. Ya 16 na ya 36 kwa Kansas zilitengwa kwa ajili ya kugharamia shule, kwa hiyo ukiona seksheni hizo hazina majina ya walowezi wa kwanza usidhani karatasi zimepotea. Robo ya seksheni ni ekari 160, kama hekta 65, na hiyo robo ndiyo utaikuta kila mahali kwenye historia ya huku.

Hapo kwenye namba 1 ndipo penye siri ya Nicodemus. Kijiji kipo kona kabisa ya mraba wake, na R21W ndiyo safu ya mwisho ya kaunti upande wa mashariki, ukisogea kidogo tu umeingia kaunti ya Rooks. Ukitafuta T8S R21W peke yake utakosa majirani ambao walikuwa wanasali kanisa moja na kununua duka moja na hao unaowatafuta. Kwa hiyo fungua miraba minne, T8S R21W, T7S R21W, T8S R20W na T7S R20W. Hii ni kanuni kwa taunshipu yoyote, kijiji kikiwa kando fungua na wa jirani, watu hawakuishi kwa kufuata mistari ya mpimaji.

Angalia maji na mvua kabla ya watu

Ramani za zamani za USGS, idara ya jiolojia ya Marekani, zipo bure kwenye tovuti yao ya TopoView, weka jina la sehemu alafu shusha toleo la zamani kabisa na toleo la sasa, uzilaze pamoja. Utaona Mto Solomon, tawi la kusini, unatiririka kwenda mashariki, kijiji kiko upande wa kaskazini wa mto, na miti iko kwenye mto na vijito tu, kwingine kote ni mbuga tupu. Kwa udongo kuna tovuti ya wizara ya kilimo inaitwa Web Soil Survey, unachora shamba lolote kwa mausi inakwambia udongo wa aina gani, mteremko kiasi gani, unafaa nini. Chini ya mbuga hiyo kuna mawe laini ya chokaa, ndiyo maana majengo mengi ya zamani ya maana ya pale ni ya mawe na si ya mbao.

Kitu cha kukaa nacho sana hapa ni longitudo ya 100. Inapita ndani ya kaunti hiyohiyo ya Graham, magharibi kidogo ya Hill City, mji mkuu wa kaunti. Mwaka 1878 John Wesley Powell, mwanajiolojia na mpelelezi wa maeneo ya magharibi, alipeleka ripoti serikalini akasema kwamba kuanzia maeneo ya mstari huo kwenda magharibi mvua haitoshi kulima bila kumwagilia, na kwamba ekari 160 hazitoshi familia huko. Angalia tarehe, 1878, na walowezi wa kwanza wa Nicodemus walishafika mwaka mmoja kabla. Sheria ya kugawa ardhi ilitungwa mwaka 1862 na watu waliozoea mvua za mashariki, kwao robo ya seksheni ilikuwa shamba la kutosha kabisa, ukienda nayo mpaka karibu na longitudo ya 100 inakuwa mwaka mmoja unavuna vizuri na mwaka unaofuata unaangalia mawingu yakipita. Ukilishika hilo, habari zote za taunshipu za magharibi mwa Kansas zinaeleweka, kwa nini watu walihama, kwa nini waliobaki waliunganisha mashamba, kwa nini miaka ya ukame na dhoruba za vumbi ya 1930 iliumiza vile, kwa nini leo unaendesha gari dakika kumi bila kuona nyumba.

Na kuhusu miti. Ukikuta kwenye ramani kipande cha miti katikati ya mbuga, mbali na maji, kimekaa kimraba kabisa, kuna uwezekano ni mabaki ya sheria ya mwaka 1873 iliyompa mtu robo nyingine ya ardhi akipanda miti. Mwanzo walidai ekari 40 za miti, mwaka 1878 wakashusha kuwa 10, mwaka 1891 wakaifuta. Wengine walipanda kweli, wengine walipanda karatasini.

Leo huko wanalima ngano na mtama, na Kansas ndiyo inaongoza Marekani nzima kwa mtama, zao lililotoka Afrika, sijui kwa nini hatulisemi hili zaidi.

Usianze historia mwaka 1877

Makosa ya waandishi wengi wa huko ni kuanza siku mlowezi wa kwanza aliposhuka na mizigo. Mbuga zile zilikuwa za uwindaji wa Wapawnee, Wacheyenne, Wakaw, Waosage na wengine, na stori ya Nicodemus yenyewe haikamiliki bila wao. Wajukuu wa walowezi wanasimulia mpaka leo kwamba msimu wa kwanza wa baridi, chakula kikiwa kimeisha, Waosage waliokuwa wanarudi kutoka kuwinda waligawana nao nyama. Hiyo ni simulizi ya mdomo, iandike kama simulizi ya mdomo, usiitupe na usiigeuze kuwa takwimu.

Ukitaka picha ya ardhi kabla ya plau, tafuta daftari za wapimaji. Kila mraba una ramani ya upimaji na maelezo waliyoandika wakitembea, hapa kijito upana fulani, hapa udongo daraja la pili, hapa njia, hapa hakuna mbao. Ni maandishi makavu sana lakini ni ya mtu aliyekanyaga pale kwa miguu.

Karatasi za ardhi

Hapa ndipo utatumia muda mwingi. Nenda tovuti ya glorecords.blm.gov, ni ya serikali na ni bure. Usitafute kwa jina, tafuta kwa maelezo ya ardhi, weka Kansas, Meridiani ya 6, T8S, R21W, bonyeza. Itatoka orodha ya watu waliopewa hati kwenye mraba huo, seksheni kwa seksheni, na ukibonyeza jina unaona picha ya hati yenyewe.

Sasa kuna mtego. Kwenye kila rekodi kuna sehemu ya sheria iliyotumika, utaona Mei 20, 1862 au Aprili 24, 1820. Wageni wanaandika "huyu alipata ardhi mwaka 1820", hapana jamani, hiyo ni tarehe ya sheria. Ya 1862 ni homstedi, ulikaa miaka mitano, ukalima, ukajenga, ukalipa ada ndogo ndogo, ukapewa. Ya 1820 ni kununua kwa keshi, na mara nyingi ni mtu aliyeanza kwa homstedi akaona miaka mitano mirefu, au anataka hati haraka akakope, akalipia dola 1.25 kwa ekari. Kwa hiyo hiyo sehemu ndogo inakwambia hali ya mfukoni ya mtu. Na tarehe ya hati si tarehe ya kufika, aliyefika 1878 hati yake inaweza kuwa ya katikati ya miaka ya 1880, rudi nyuma miaka mitano mpaka sita ndiyo utafute amefika lini.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, tovuti hiyo inaonyesha waliofanikiwa tu. Waliokata tamaa, waliofariki kabla ya muda, waliokimbia ukame, hawapo. Hao utawapata kwenye vitabu vya serikali vilivyoandikwa seksheni kwa seksheni, ambapo kila aliyeandikisha robo ana mstari wake hata kama baadaye ulifutwa. Kwa sehemu kavu kama ile usiruke hatua hii, utajikuta unaandika historia ya washindi peke yao.

Ukishapata namba ya cheti kwenye hati, omba faili lake Hifadhi ya Taifa, National Archives. Hapo utashangaa. Mlowezi alipokuja kuthibitisha kwamba ametimiza masharti alitakiwa kuleta mashahidi majirani, wakaulizwa maswali yaleyale na majibu yakaandikwa: nyumba ina ukubwa gani, imejengwa kwa nini, ina madirisha mangapi, kisima kipo, amelima ekari ngapi, misimu mingapi, ana mke na watoto wangapi, alishawahi kuondoka na kwa muda gani. Soma mashahidi ni kina nani. Ukichora mistari kati ya shahidi na aliyetolewa ushahidi kwa mraba mzima unapata ramani ya urafiki na undugu wa taunshipu, kitu ambacho hakuna kitabu kitakupa. Kwa Nicodemus faili hizi ndizo zinaonyesha maisha ya mwanzo kwa karibu, makao yaliyochimbwa ardhini kwenye mteremko, paa la nguzo na majani na udongo juu, kwa sababu mbao hazikuwepo na hela ya kuzileta haikuwepo. Willianna Hickman, aliyefika na mumewe mchungaji Daniel Hickman mwaka 1878, alikuja kusimulia kwamba wenzake walimwonyesha "hapo ndipo Nicodemus" na yeye akaangalia akaona moshi tu unatoka ardhini, akalia. Ukiwa umeshasoma faili mbili tatu unaelewa ule moshi ulitoka wapi.

Sensa, na namna ya kurudi nyuma

Sensa ya taifa ya 1880 ni nzuri kwa sababu ndiyo ya kwanza kuandika uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya na wazazi wake walizaliwa wapi. Ya 1890 karibu yote iliharibika baada ya moto wa Washington mwaka 1921, kwa hiyo utakuta shimo la miaka 20 hapo katikati, na ndiyo miaka ambayo kila kitu kinatokea. Bahati nzuri Kansas walikuwa na sensa yao ya jimbo, 1885, 1895, 1905, 1915 na 1925, na ndani yake kuna swali tamu sana, umekuja Kansas kutoka wapi. Si ulizaliwa wapi, umekuja kutoka wapi. Pamoja na hiyo kuna kurasa za kilimo, ekari, mazao, mifugo. Mtu akikuuliza taunshipu fulani ilikuwa tajiri au maskini mwaka 1885, usibishane, fungua kurasa za kilimo.

Kwa familia za Nicodemus ukishapata jina kwenye 1880 rudi Kentucky 1870, wengi utawakuta kaunti ya Scott, Georgetown na jirani zake. Hapo 1870 ndiyo sensa ya kwanza waliotoka utumwani wanaandikwa wote kwa majina. Kabla ya hapo, 1850 na 1860, kuna orodha za watumwa zenye jina la mmiliki tu, wao wenyewe ni umri, jinsia na rangi, basi. Ni kazi ngumu na inauma, ila ukiwa na umri wa mtu na jina la mmiliki unaweza kusogea kidogo kupitia wosia na mirathi za kaunti.

Hapa nisahihishe kitu ninachokiona kila mara. Watu wanaiita Nicodemus mji wa wale waliokimbilia Kansas kwa makundi mwaka 1879 kutoka Mississippi, Louisiana na kwingine kusini. Nicodemus ilitangulia. Kampuni ya mji iliundwa Aprili 1877, rais wake akiwa mchungaji W. H. Smith, mweusi, pamoja na W. R. Hill, mzungu dalali wa ardhi ambaye Hill City imebeba jina lake, vipeperushi vikapelekwa Kentucky, na kundi kubwa la kwanza likafika Septemba mwaka huohuo. Walishuka treni Ellis wakaenda kwa miguu na magari ya kukokotwa, kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 50, na hakuna aliyetembea mstari ulionyooka. Ni watu waliojipanga, wakalipa, wakasafiri kama kundi, na unaona kwenye sensa jinsi majina ya mtaa mmoja wa Kentucky yamehamia mtaa mmoja wa Kansas.

Magazeti, na kisa cha reli

Magazeti ya kijijini ya wakati huo yalikuwa yanaandika kila kitu, nani kamtembelea nani, nani ng'ombe wake kapotea, bei ya ngano. Nicodemus ilikuwa na mawili, Western Cyclone lililoanza 1886 na Nicodemus Enterprise la 1887. Tafuta kwenye Chronicling America ya maktaba ya bunge na kwenye hifadhi ya jumuiya ya historia ya Kansas, Topeka. Ukisoma kumbuka lakini kwamba mhariri wa gazeti la mji mpya kazi yake nusu ni udalali, kila toleo mji unakua, kila mvua ni baraka, ukame huuoni mpaka umeshaua. Ndiyo maana nasema soma gazeti ukiwa na kurasa za kilimo pembeni.

Sasa reli. Katikati ya miaka ya 1880 kijiji kilikuwa na maduka, hoteli, makanisa, benki, na mwaka 1887 wapiga kura wa taunshipu walikubali bondi za dola 16,000 ili reli ya Missouri Pacific ipite kwao. Haikupita. Mwaka 1888 Union Pacific ikajenga yake upande wa kusini wa mto, na kambi yao ikageuka kuwa mji wa Bogue, kama kilomita saba kusini-magharibi. Wafanyabiashara wakahamia huko, wengine na majengo yao. Weka ramani yako ya mto mezani uangalie umbali huo, ni mdogo mno, mtu anautembea asubuhi akarudi kula chakula cha mchana, lakini ngano haikubebwa na hadithi, ilibebwa na behewa, na behewa lilikuwa ng'ambo. Kila taunshipu ya mbuga ina kisa chake cha namna hii, kwa hiyo ukifika miaka ya 1870 mpaka 1890 swali la kwanza ni reli ilipita seksheni zipi, na la pili nani alikuwa na ardhi kwenye seksheni hizo.

Jengo la kaunti

Hati za kuuziana baada ya serikali kugawa ziko kwa msajili wa hati wa kaunti, kwa Graham ni Hill City. Piga simu kwanza, uliza vitabu vya aina gani vimeskaniwa na vipi ni vya kwenda kufunua mwenyewe. Watumishi ni wachache na wengi ni wakarimu sana ukija na namba ya seksheni, ukija na "natafuta historia" watakuangalia tu. Kumbuka kaunti ya Graham ilichorwa 1867 lakini ikaanza kazi rasmi 1880, kwa hiyo karatasi za 1877 mpaka 1879 ukizikosa jaribu kwa jirani, Rooks, pale Stockton.

Kwenye mwaka huohuo wa 1880 fuatilia jina la Edward P. McCabe. Alifika Nicodemus 1878, gavana akamteua karani wa kaunti ya Graham ilipoanzishwa, na mwaka 1882 akachaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, mweusi wa kwanza kuchaguliwa cheo cha ngazi ya jimbo pale, baadaye akaenda Oklahoma kuanzisha Langston. Yaani huyo kabla ya ukubwa wote huo alikuwa mtu wa kuandika vitabu vilevile unavyofunua pale kaunti, muombe karani akuonyeshe kurasa za miaka hiyo.

Kwenda mwenyewe

Barabara ni US 24, kati ya Stockton na Hill City. Madereva wa malori mnaopita I-70 mnaweza kutoka Ellis mkapanda kaskazini, lakini si njia ya trela, njooni na gari dogo. Mwaka 1996 kijiji kiliwekwa chini ya hifadhi za taifa kama eneo la kihistoria, majengo ni matano: ukumbi wa taunshipu wa mawe ya chokaa uliojengwa 1939 na mradi wa ajira wa serikali wa WPA, kanisa la First Baptist, kanisa la AME (la Kimethodisti la Wamarekani weusi), hoteli ya St. Francis, na shule ya wilaya namba 1. Anza ukumbini, ndipo watu wa hifadhi wanapopokea wageni, ila angalia saa za kufungua kabla ya kutoka nyumbani. Mmoja wa watoto wa pale ni Veryl Switzer, aliyechukuliwa na Green Bay Packers mwaka 1954, jina la ukoo wake utalikuta mpaka kwenye hoteli.

Wakazi waliobaki ni wachache mno, lakini wikendi ya mwisho ya Julai wajukuu wanarudi kutoka majimbo mbalimbali kwenye sherehe yao ya kila mwaka, inayotokana na sikukuu ya ukombozi ya Agosti 1 waliyokuwa wanaifanya toka zamani kwenye miti ya Scruggs Grove. Ukitaka wazee wa kuongea nao ndiyo wakati wake. Nenda na ramani ya ile miraba minne umeiprinti kubwa, majina ya hati umeyaandika kwenye kila robo, itandaze mezani unyamaze. Mzee ataweka kidole kwenye robo fulani aseme huyu alikuwa babu yake mama, na hapa palikuwa na kisima, na huyu hati ni yake ila aliyelima ni shemeji yake. Omba ruhusa ndipo urekodi, na usiwabishie na sensa yako mkononi, andika vyote viwili pembeni kwa pembeni. Mashamba ni mali ya watu, usivuke waya kwenda kupiga picha makaburi bila kuuliza.

Mafuta jaza Stockton au Hill City, Nicodemus hakuna sheli.